Jumapili za Samaki kwa Bibi Kanta

Enzi zetu televisheni haikuwa kitu cha mtu mmoja. Ninyi mliokulia Kariakoo wakati ule mnajua: mtaa mzima ulikuwa na televisheni moja au mbili, na aliyekuwa nayo hakuwa na raha, maana sebule yake ilikuwa yetu sote. Mtaani kwetu ilikuwa kwa Bibi Kanta, mjane wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, nyumba iliyotazamana na yetu. Jumapili alasiri tuliacha mchezo wa rede katikati, chupa haijajaa mchanga, tukakimbilia bombani kunawa miguu, kwa sababu Bibi Kanta alikuwa anakagua miguu mlangoni kama mwalimu wa zamu.

Kipindi chenyewe kilikuwa cha uvuvi. Mzungu mmoja mwenye kofia pana anakaa kando ya mto, katupa mshipi wake, anaongea Kiingereza ambacho hakuna aliyekielewa, anangoja. Na sisi tunangoja naye. Ukimweleza mtoto wa leo kwamba tulikaa kimya nusu saa tukitazama mshipi wa mtu usiotikisika, atakuuliza kama siku hiyo umeme ulikatika. Lakini ule mshipi ukishavutwa, weee! Sebule nzima inainuka. "Mshike! Mshike!" Samaki anatoka majini anang'aa, mzungu anampima, anambusu, halafu anamrudisha mtoni.

Hapo ndipo utamu ulipokuwa. Mama yangu alikuwa mkaanga samaki. Alfajiri yuko Feri kwenye mnada wa samaki, mchana yuko na karai lake pembeni ya mtaa, na changu wake wa ndimu na pilipili walijulikana mpaka Mnazi Mmoja. Bibi Kanta, kwa dini yake, hakula samaki wala nyama, na hakutaka hata harufu yake ivuke kizingiti. Basi Jumapili Mama alijisugua kwa sabuni na maganda ya ndimu, akavaa kanga iliyotoka kabatini, na bado hakuingia ndani. Alikaa nje ya mlango, kwenye kigoda ambacho Bibi Kanta alimtengea yeye tu, pazia limefungwa fundo ili aone vizuri. Hakuna aliyeona kwamba ni dharau. Bibi Kanta alikuwa kwenye bembea yake ya sebuleni, Mama mlangoni, na katikati sisi watoto tumejaa sakafuni na bhajia mikononi.

Samaki akirudishwa majini, Mama anapiga kelele kama kaporwa mkoba. "Jamani, kolekole mzima yule anamtupa! Huyu mtu ana laana gani?" Wale samaki wa mito ya Ulaya wote yeye aliwapa majina ya Feri. Bibi Kanta naye anapiga makofi, daima mara tatu. "Ameenda kwa watoto wake, Mama Mwaju! Wewe unawaza karai tu!" Walibishana hivyo kila Jumapili, miaka nenda rudi, na sijui kama walikuwa na mazungumzo mengine. Sidhani kama waliyahitaji.

Kisha ndugu wakauza nyumba yetu ya urithi, ikavunjwa, sisi tukapanga ghorofa ya sita, mitaa miwili kutoka pale. Lifti ikafanya kazi mwaka mmoja, ikafa. Magoti ya Mama nayo yakagoma ngazi. Nikamnunulia televisheni kubwa yenye chaneli nzima ya uvuvi, asubuhi mpaka jioni watu wanavua tu, nikajiona mtoto mwema. Mama akatazama wiki mbili, akazima.

"Peke yangu haina ladha," akasema. "Nishushe kwa Kanta."

"Jumapili ijayo, Mama."

Kwa simu hawakuweza kuongea, masikio ya Bibi Kanta yalikuwa yameshachoka. Ilikuwa lazima wakae pamoja. Na Kariakoo imejaa wapagazi wanaobeba marobota kutwa. Wawili tu na kiti kimoja wangemshusha Mama kwa dakika kumi. Nilijua hivyo. Jumapili hii nina kikao cha harusi, ile nina mafua, nyingine nimechoka tu. Mitaa miwili, jamani.

Mwezi uliopita nikaona aibu mwenyewe. Nikapatana na wapagazi, nikamwambia Mama ajiandae, Jumapili tunaenda. Akatafuta ile kanga. Ijumaa nikapita kwa Bibi Kanta kumpa taarifa, nikakuta kufuli mlangoni. Kigoda kipo nje, kimejaa vumbi.

"Dada, yule bibi alishafariki, huu ni mwezi wa pili sasa," akaniambia muuza vitenge wa jirani. "Wanawe walikuja kutoka nje, wakamchoma kwa taratibu zao, wakafunga. Kila Jumapili alikuwa anakitoa hicho kigoda mwenyewe. Ukimuuliza anamngoja nani, anasema Mama Mwaju."

Nilikibeba kile kigoda nikapanda nacho ngazi zote. Nikakiweka mbele ya Mama. Alikitazama, akanitazama, akajua.

"Si ulisema Jumapili hii?" akaniuliza.

Nikachukua kitambaa, nikakifuta kigoda vumbi.

Zamani tulikuwa watu ishirini kwenye kioo kimoja. Leo nyumbani kwangu tuko watatu na vioo vinne. Binti yangu ameziba masikio yote mawili, anamsalimia bibi yake "mambo" bila kuinua kichwa, na mimi ninayemkaripia ndiye niliyeshindwa kuvuka mitaa miwili. Tulikuwa na kidogo tukakigawana. Sasa tuna kila kitu, na hakuna wa kubishana naye.

Jumapili iliyopita Mama alikataa kochi. Akataka kigoda kiwekwe nje ya mlango wa sebule, akaketi pale na magoti yake mabovu, kanga ya kabatini mabegani. Nikawasha kipindi. Mshipi ukavutwa, samaki akatoka anang'aa, akapimwa, akarudishwa majini. Nikasubiri kelele za Mama. Hakupiga kelele. Aliinua mikono yake taratibu, akapiga makofi mara tatu.

Nikaenda jikoni, nikafungulia bomba maji yamwagike kwa nguvu, asinisikie.