Mlenda Niliouficha Jikoni

Siku mama wa Kijapani alipokuja kwangu kuona nyumba anakotaka kuoa mwanawe, nilikataa katakata kumpikia mlenda.

Mimi ni mtu wa Singida. Wazazi wangu walikuja Karatu kufanya vibarua kwenye mashamba ya kahawa, nikaolewa na Mmbulu hapa hapa, na tangu siku hiyo wifi yangu haniachi: eti nawalisha ndugu zake makamasi. Ni utani, lakini utani nao unachoma. Leo nimpe mgeni wa mbali hivyo majani yanayovutika? Thubutu!

Nikapika vya heshima. Pilau ya mbuzi, kuku wa kienyeji, ndizi, na chipsi, maana wageni wote wanaoteremka kreta ya Ngorongoro nawaona wanakula chipsi. Mlenda niliupika kwenye kachungu kadogo tu, nikautia magadi, nikauficha nyuma ya ndoo ya maji. Ulikuwa wangu mwenyewe, kwa sababu harufu ya mafuta tangu alfajiri ilishanikinaisha.

Walifika mchana wakitokea Ngorongoro, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Kijana tulishamzoea. Alifanya kazi hapa mjini, anaongea Kiswahili na anamega ugali kutushinda sisi. Mama yake ndiye aliyenitia wasiwasi: mdogo, mkimya, viatu amevivua mlangoni kabla hata sijamkaribisha.

Kwetu mgeni hajipakulii. Nikamjazia sahani mpaka ikawa mlima. Akaunganisha viganja, akainama, akasema neno moja fupi, na wifi yangu, akidhani ni sala, akaitikia "Amina!" kwa sauti ya kanisani. Ningekuwa na nafasi ningecheka.

Alikula taratibu. Akapumzika, akala tena, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Kisha akaacha, akawa anaitazama sahani kama mtu aliyeachiwa ekari nzima alime peke yake.

"Kula mama, kula," nikasema, nikamwongezea na paja la kuku.

Wifi akaniinamia, akaninong'oneza kwa Kiiraqw, lugha yao Wambulu, "Mkwe asiyekula kwako ameshakukataa. Usisubiri aseme." Nami nilijua hivyo hivyo, ndivyo tulivyolelewa. Anayekataa chakula cha nyumba amemkataa na mtoto wa nyumba hiyo. Nikamtazama binti yangu, anayempenda yule kijana mpaka anakonda, nikaona hajameza hata tonge. Roho iliniuma.

Nilikimbilia jikoni, binti akanifuata machozi yakimlenga.

"Mama, umemjazia mno! Kwao kubakisha chakula ni aibu kubwa. Sasa hawezi kumaliza na hawezi kuacha."

"Si ungeniambia mapema!"

"Nimekukonyeza mpaka jicho linauma!"

Nikaketi kwenye kigoda, nikafunua kachungu kangu na ugali wangu kidogo. Mimi hasira hunitia njaa. Nikachota tonge la kwanza, mlenda ukavutika uzi mrefu kutoka chunguni mpaka usoni pangu, na hapo hapo nikaona kivuli mlangoni.

Ni yule mgeni. Ameshika sahani yake kwa mikono miwili, kichwa chini, uso umemwiva kwa haya. Mwanawe nyuma yake akasema, "Mama amekuja kuomba radhi, chakula kimemshinda."

Kabla sijafungua mdomo, mama wa watu akainua macho, akauona ule uzi.

"Eeeh!"

Akaanza kuongea haraka haraka, kijana akicheka. "Anauliza hicho ni nini. Kwetu kuna maharage yanayovundikwa mpaka yanavutika hivyo hivyo. Anayala na wali kila asubuhi. Tangu tuondoke nyumbani anayatamani!"

Akaketi mkekani kando yangu. Nikampakulia kidogo, safari hii kidogo kweli. Akainua bakuli mpaka mdomoni, akavuta fyuuu, sauti ambayo mtoto wangu angeitoa ningemchapa. Alipomaliza alifuta bakuli kwa ugali mpaka likang'aa, akanipa nimwongeze. Ile sahani ya mlima tuliizunguka sote pale jikoni, haikubaki punje. Jamani, nilishusha pumzi! Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na binti yangu akala kama aliyetoka kufunga.

Yule mama akasema tena, maneno marefu, polepole. Kijana akatafsiri:

"Anaomba umfundishe kuupika. Anasema binti yenu akiwa kule kwetu, iko siku atakumbuka nyumbani, na hataki siku hiyo akose mtu wa kumpikia."

Nililia, sioni haya kusema. Nikageuka kumtafuta wifi yangu. Alikuwa amesimama mlangoni, anajifuta pua na pindo la kanga.

"Mfungie na magadi," akasema. "Huko atayapata wapi?"