Mwalimu Aliyerukwa Ubaoni

Wanafunzi walimbandika jina la Bi Kipeuo, kwa sababu hakuna aliyepita mikononi mwake bila kuvijua vipeuo vya pili kama jina la mama yake. Alikuwa amefundisha hisabati miaka ishirini na sita alipoamua, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, kurudi chuoni kusomea shahada ya pili. Siku ya kwanza ya somo la topolojia, tawi la hisabati linalochunguza maumbo yanayonyumbulika, mhadhiri aliingia, akamwona, akasimama ghafla na mkoba wake begani.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema mbele ya darasa zima.

Mhadhiri huyo alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Bi Kipeuo akaitikia marahaba, masikio yakimwaka moto.

Kitabu chao kilikuwa kile kikongwe ambacho vizazi vya wanahisabati vimesomea: kizito, bila mchoro hata mmoja, chenye mazoea ya kusema "ni dhahiri kwamba". Hayo yaliyo dhahiri yalimlia Bi Kipeuo siku tatu kila mara. Alikisoma asubuhi katika chumba cha walimu kabla ya kengele, na Jumamosi kwenye meza ya jikoni. Mumewe, fundi wa majokofu, alichungulia siku moja.

"Mke wangu, mbona humu hamna namba?"

"Namba zilituaga ukurasa wa pili."

"Basi hiyo si hisabati, hiyo ni kesi."

Kila Alhamisi mhadhiri alimwita mtu mmoja ubaoni kuthibitisha jambo. Kuanzia Jumatano chakula kilimkataa Bi Kipeuo, na darasani viganja vilimlowa hata kalamu ikateleza. Hakuitwa. Wiki ya pili hakuitwa, wala ya tatu. Darasa lilikuwa la watu watano tu, na kufikia wiki ya sita wenzake wawili walikuwa wameitwa mara mbili. Hapo hofu ikageuka sura: kumbe anarukwa! Ameshahesabiwa kuwa hajui.

Akaenda ofisini kwa mhadhiri.

"Mbona huniiti?"

Mwanafunzi wake wa zamani akainuka kitini. "Mwalimu, nitakusimamishaje pale? Wewe ndiye uliyenishikisha chaki."

"Nilikusimamisha ukalia."

"Nakumbuka."

"Basi nisimamishe na mimi. Heshima ya kunificha siitaki. Kama ni kuanguka, nianguke kama wenzangu."

Alipofika kwenye korido ndipo ukweli ulipomjia: balaa amejitakia mwenyewe, kwa mdomo wake.

Alhamisi akaitwa. Kazi ilikuwa hii: kuna seti ambayo kila ukiifunika kwa seti wazi, yaani zisizobeba mipaka yake, hata ziwe nyingi zisizo na mwisho, chache kati yake hutosha kuifunika; athibitishe kwamba fanksheni endelevu, isiyochana wala kuruka, ikiipeleka kwingine, sifa hiyo haipotei. Bi Kipeuo akaanza kwa kuifunika seti ya kwanza, akachukua zile chache, akazisukuma mbele. Chaki ilikuwa inakimbia.

"Mwalimu," mhadhiri akasema taratibu, "seti wazi ukiipeleka mbele, ni lazima ibaki wazi?"

Alifungua mdomo kusema ndiyo, kisha akaona: fanksheni inayorundika kila kitu kwenye nukta moja, ambayo si seti wazi, ingemuumbua. Akaishusha chaki. Mtu akakohoa. Hatimaye akafuta ubao wote.

"Nimeanzia upande usio," akasema.

Safari hii akafunika kwanza kule seti inakopelekwa, akazirudisha zile seti nyuma moja moja, kwa kuwa kurudi nyuma ndiko kunakozilinda zibaki wazi. Huku nyuma chache zikatosha. Basi na kule mbele zile chache zilizolingana nazo zikatosha.

"Sawa," mhadhiri akasema. "Ila mstari wa nne hujasema kwa nini."

Akasema kwa nini, akarudi kukaa.

Mtihani wa mwisho alifaulu kwa alama mbili juu ya mstari wa kufaulu. Muhula uliofuata akaenda kujiandikisha kwa sehemu ya pili ya somo hilo. Sahihi yake ilipinda hata karani akamwomba aiweke upya.