Nilienda Kenton kununua pazia, nikatoka nikiwa mwimbaji wa folk

Wakuu, habari za huko. Hapa hakuna chai, yamenikuta mwenyewe, na hadi naandika nacheka peke yangu.

Mimi ni mtu wa Njombe, naishi Wembley, London, ni porter hospitali. Kazi yangu kusukuma wagonjwa.

Jumamosi moja nikaenda Kenton, mtaa wa jirani, kutafuta pazia. Duka ni la Mama Shirin, Mhindi mzaliwa wa Tabora. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu.

Alikuwa anapima kitambaa huku anaimba taratibu kwa Kiingereza, ule muziki wa folk wa Kimarekani, wa gitaa na banjo, wanaouita Americana. Sasa mimi nimeimba besi kwaya ya kanisani miaka kumi. Mdomo haukuniuliza, nikaingia na sauti ya chini.

Akaweka mkasi mezani.

"Rudia hapo, mwanangu."

Nikarudia. Kumbe wimbo kautunga mwenyewe.

Akanisimulia. Ujanani alirekodi albamu mbili. Producer akamwambia watu hawatamwelewa Mhindi anayeimba nyimbo za namna ile, basi kwenye cover wakaweka farasi badala ya sura yake. Ya pili, farasi tena. Akachoka, akafungua duka.

Sasa ana nyimbo tisa mpya na studio keshabook. Ila kaka yake, aliyekuwa anamwimbia sauti ya pili, alifanyiwa operation ya koo na sauti haikurudi. Mama alikuwa anataka kucancel, ila sasa akaniomba niimbe mimi sauti ile.

Pazia nikalisahau pale pale.

Studio ni garage ya mtu Stanmore. Fundi wa kurekodi akasema viatu vyangu vinalia, nivue. Wakuu, soksi yangu ilikuwa na dirisha, kidole gumba kinachungulia. Nikaimba hivyo hivyo, mic moja, tumetazamana na mama. Fundi akauliza huwa narekodia wapi. Nikamwambia bafuni.

Yule kaka alikuwa amekaa pembeni muda wote. Tulipomaliza akaandika kwenye simu yake, akanionyesha: "Hapo kwenye kiitikio mimi nilikosea miaka yote. Wewe umepatia."

Nikamrudishia simu, nikainama kuvaa viatu.

Albamu ikatoka. Safari hii kwenye cover ni Mama Shirin mwenyewe na banjo yake.

Juzi namsukuma bibi mmoja wa Kiingereza kwenda X-ray, redio ya wodini ikapiga wimbo wetu. Nikafunga breki. Nikamwambia ile sauti nzito ni yangu. Akanitazama juu mpaka chini, akasema basi tusimame mpaka uishe, mfupa wake hauendi popote.

Tukasimama katikati ya korido, naimba, bibi anapiga makofi, sister ananikazia macho.

Nilichojifunza: kipaji ulichokiacha kwaya ya nyumbani usikizike, kuna mtu mahali anatafuta sauti hiyo hiyo.

Haya, na nyie semeni, nani mwingine maisha yalimkuta dukani?