Mwalimu wa Hesabu Aliyenyimwa Darasa

Habari za kifo chake nililetewa na dereva wa lori aliyetoka Kilwa. Alisimama mbele ya shule yetu hapa Lindi kuomba maji ya rejeta, akaniambia huku debe liko mkononi: "Yule rafiki yako wa Kivinje, karani wa shamba la mkonge, homa imemchukua. Amezikwa kwao Ijumaa." Akajaza maji, akaenda zake. Mimi nilirudi darasani nikamaliza kipindi, maana watoto walikuwa wakingoja, na sijui hata leo niliwafundisha nini. Wasomaji wangu wa siku zote wanajua kwamba safu hii hupenda kutania wakubwa na kulalamikia barabara. Leo mniwie radhi, sina utani.

Marehemu nilisoma naye chuo cha ualimu cha misheni, huku bara ya Lindi. Mimi nilitoka Rutamba, Mmwera na Mkristo wa kuzaliwa. Yeye alitoka Kilwa Kivinje, mtoto wa Kiislamu aliyehitimu Kurani kabla hajajua kuandika jina lake kwa herufi za Kizungu. Tulikuwa tukisomea daraja la walimu wanaoruhusiwa kufundisha hesabu sekondari, na walimu wa namna hiyo katika jimbo letu walikuwa adimu. Kupokewa kwake hakukuwa rahisi. Padri mkuu wa chuo alimchukua kwa ajili ya hesabu zake tu, na mapadri wenzake wakanung'unika. Kwao nako walisema atarudi na msalaba shingoni. Mama yake ndiye aliyemtetea, kwa sharti moja, kwamba asiiache dini yake. Hakuiacha. Asubuhi sisi tulipokwenda kanisani yeye alibaki akifagia madarasa, kwa mapatano na padri, na Ramadhani alifunga huku akisimama ubaoni mdomo umemkauka, na bado alitupita sote. Alikuwa na majivuno kidogo, niseme kweli. Ukikosea hesabu mbele yake alicheka kwanza, ndipo akuonyeshe. Nilimpenda hivyo hivyo.

Mwishoni mwa mafunzo kila mmoja wetu alipaswa kufundisha somo moja mbele ya mkaguzi, na somo hilo ndilo lililoamua kama utapewa sekondari au hutapewa. Yeye alipangiwa darasa la tisa, aljebra. Wavulana walikodoa macho tu, hakuna aliyeelewa kitu. Basi akafuta ubao wote. "Haya, tuyaache hayo," akasema. "Mtu amekufa, ameacha minazi. Mkewe amepata thumuni, yaani moja ya nane, ya minazi yote, mama yake sudusi, yaani moja ya sita, na mwanawe wa pekee amechukua iliyobaki, kumi na saba. Marehemu alikuwa na minazi mingapi?" Hivyo ndivyo alivyojifunza sehemu yeye mwenyewe, kwa babu yake aliyekuwa akiwagawia watu mirathi pale Kivinje. Kwake hiyo ilikuwa hesabu, kama machungwa yalivyo hesabu kwa mtoto mwingine. Darasa likaamka. Mvulana mmoja wa Kimakonde akanyoosha mkono: "Mwalimu, huyo mwana anachukuaje? Kwetu mali ni ya mpwa, mtoto wa dada yake marehemu." Wamwera nao wakasema kwao ni hivyo hivyo. Mwalimu akacheka. "Basi mpeni mpwa hiyo kumi na saba. Minazi yote ni mingapi?" Wakakokotoa, wakapata ishirini na nne, kisha wakaanza kumbishania mjane, wala hawakujua kwamba aljebra wamekwisha kuielewa. Nilikuwa nimekaa nyuma karibu na mkaguzi, na furaha ilinijaa tele.

Mkaguzi hakufurahi. Alikuwa mgeni nchini, na Kiswahili alikijua cha kutosha kumjulisha kwamba yanayosemwa ni mambo ya mirathi. "Nilikuja kusikiliza hesabu," alimwambia nje, "nimesikiliza sheria ya Kiislamu ikifundishwa watoto wa misheni." Rafiki yangu alieleza kwa adabu, akaeleza tena. Nami nilieleza. Padri mkuu alikwenda kuzungumza naye, akarudi uso umemshuka, akatuambia barazani: "Wanangu, nimesema nilivyoweza. Nami nina wakubwa." Lililoniuma zaidi ni kwamba hapakuwa na mtu aliyemchukia. Mkaguzi aliamini kwa moyo safi kwamba analinda chuo, na ukitaka kugombana unamtafuta nani? Rafiki yangu hakufaulu. Shule nyingi za huku ni za misheni, na habari ile ilimtangulia kila alikobisha hodi. Akaishia kupima mkonge shambani. Miaka yote tangu hapo nasikia wakubwa wakilalamika kwamba walimu wa hesabu hawapatikani na kwamba vijana wa pwani hawapendi shule, na siku hizi hata kujibu nimechoka.

Nilifika Kivinje siku ya hitima. Mama yake akaniita mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe uliyesoma naye?"

"Ndimi."

"Aliniambia hesabu zilimshinda kule. Nikamwambia usihuzunike, Mungu hakukuandikia. Kweli zilimshinda?"

"Hazikumshinda, mama. Alituzidi sote."

"Basi kilimshinda nini?"

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini rafiki yangu, mtu wa majivuno yale, alikubali kujisingizia ujinga mbele ya mama yake. Kumwambia kweli kungekuwa kumwambia kwamba kile alichomsihi mwanawe akishike ndicho kilichomnyima kazi. Nikasema Mungu amrehemu, naye akaitikia amina, akaingia ndani kuniletea chakula. Funzo nililorudi nalo ni dogo wala halinifariji. Tukimwona kijana amerudi nyumbani mikono mitupu, tusiwe wepesi wa kusema ameshindwa, maana huenda anayeijua kweli ni yeye peke yake, na ameificha ili mama yake apate usingizi.