Mawimbi Yaliyomkimbia Lakjeo

Lakjeo wa kisiwa cha Ailuk hakuwahi kumiliki dira, na ukimtajia alicheka. "Dira inajua kaskazini," alikuwa akisema, "kisiwa cha Mejit haikijui." Yeye alilala chali ndani ya ngalawa, macho kayafumba, akayasikia mawimbi kwa kiuno na mapaja. Wimbi la mashariki ndilo kubwa, hata mtoto analijua. Lakini nyuma ya kisiwa hudhoofika, na yale yanayozunguka pande mbili hupinda yakagongana. Hapo chombo hushtuka, kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Ukifuata mshtuko mmoja hadi mwingine, unaifikia nchi hujaiona. Alifundishwa na babu yake kwa idhini ya jumbe, na kwa miaka thelathini na minane hakupoteza mtu.

Kisha ukaja ugonjwa wa sukari. Ulianza vidoleni. Siku moja alikanyaga tumbawe, akaingia nyumbani akichuruzika damu, wala hakujua mpaka binti yake Limojwa alipomwonyesha. Akasema ni uzee tu. Ganzi ikapanda hadi kiunoni, naye kimya. Rubani aseme nini mbele za watu?

Ndipo redio ya zahanati ilipoleta habari kwamba dada yake Likabwe, aliyeolewa Mejit, yu hoi na anamtaja yeye. Mama yao alipokufa, Likabwe ndiye aliyemlea. Meli ya serikali ilikuwa bado wiki tatu. Lakjeo akasema wataondoka kesho yake, maji yakianza kutoka kwenye mlango wa bahari.

Walikuwa watatu: yeye, Limojwa, na Jatios mume wa Limojwa, mshika tanga. Jatios alipakia mashelisheli mpaka mkewe akamuuliza kama anakwenda Mejit kuoa tena. "Nikipata asiyenihesabia chakula," akasema Jatios.

Siku nzima na usiku wake walibisha, tanga huku na huku, maana upepo ulikuwa usoni. Asubuhi ya pili Lakjeo akajilaza. Akangoja. Hakusikia kitu, ni kama alilazwa juu ya godoro. Akajigeuza ubavu, akajigeuza tena. Kwetu hakuna amuulizaye rubani nchi iko wapi, kwani ni kumvunjia heshima mbele ya bahari. Basi Jatios hakuuliza, na Limojwa, aliyelala karibu na baba yake, hakuuliza. Lakjeo akaonyesha upande kwa kubahatisha. "Hivyo hivyo," akasema.

Walikwenda hivyo hivyo mpaka jioni ya siku ya tatu, ndege wa baharini walipopita juu yao wakirudi nchi kavu kulala. Walielekea magharibi, walikotoka wao. Lakjeo akawatazama mpaka wakapotea.

"Baba," Limojwa akasema kwa sauti ndogo, "tulikipita kisiwa jana asubuhi. Nilisikia chombo kikishtuka, mara tatu."

"Mbona hukusema?"

"Nikusahihishe wewe, Baba? Mimi?"

Lakjeo akamwashiria Jatios ageuze tanga.

Walifika Mejit kesho yake alasiri. Likabwe alikuwa amezikwa jana yake, na vijiwe vyeupe vilikuwa bado vinatandazwa juu ya kaburi. Wanawe wakawapokea vizuri, wakawapa maji ya madafu. Mkubwa wao alisema mama yao aliuliza juu ya tanga mpaka sauti ikamwisha. Kisha akauliza, bila ukali, kilichowachelewesha.

"Upepo, shemeji," Jatios akawahi. "Upepo ulituchezea."

"Muache upepo," Lakjeo akasema. Akakaa chini pale kaburini. "Mjomba wenu amekufa ganzi mwili tangu mwaka jana, akaficha. Mama yenu angenikuta. Nimemnyima mimi."

Yule mkubwa akamwekea kijiwe mkononi, naye Lakjeo akakiweka juu ya kaburi pamoja na vingine.

Walipoondoka, Lakjeo alikwenda kukaa mbele, mahali pa abiria. Akamwambia Limojwa alale yeye. Limojwa akasita, jumbe hajatoa idhini.

"Jumbe nitamjibu mimi. Lala, mwanangu."

Akalala, machozi yakimshukia masikioni. Upande wa nyuma wa kisiwa, Lakjeo alimkodolea macho usoni, na kope za binti yake zilipocheza ndipo alipojua kwamba wimbi limepita chini yao.