Nilifuga sea slug Meru, nikamwachia Mama kurasa nne za maelekezo

Salamu wakuu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na sijapunguza hata yale yanayoniaibisha.

Mimi ni graduate wa zoolojia, naishi nyumbani Kaaga, kazi bado. Rafiki niliyesoma naye, ambaye kwao ni Pwani, aliniletea sea slug, yaani konokono wa bahari asiye na gamba. Rangi ya kijani, ukingo wa machungwa, urefu wa kidole gumba. Chakula chake mwani tu.

Nikamwekea tangi la kioo sebuleni, hita, pampu, na maji ya chumvi niliyoyapima asubuhi na jioni.

(Na mchana pia. Je, kama kipimo cha asubuhi kilikosea?)

Mama hakuelewa. Yeye analima sukuma wiki na kabichi. Konokono kwake ni adui, na dawa yao anaijua: chumvi.

"Mwenda, umesoma miaka minne ndio uniletee wezi ndani ya nyumba?"

Nikarudi kupima maji. Lakini nilitaka sana huyu mmoja aishi, ili Mama aone kwamba ile digrii inaweza kuweka angalau kitu kimoja hai.

Akaishi wiki sita. Mama mwenyewe akaanza kumwita Mgeni, na kumsalimia akipita na chai.

Kisha nikaitwa interview ya ualimu Siakago, siku mbili. Nusura nikatae. Nikaandika kurasa nne za maelekezo: stima ikipotea, hita ikizimika, pampu ikilia, pampu ikinyamaza. Hata paka wa jirani alikuwa na aya yake.

Ukurasa wa tatu nikaandika: "Maji yakipungua, ongeza ya mvua. Usitie chumvi."

Hiyo ni sahihi, wakuu. Maji hukauka, chumvi hubaki. Sababu sikuandika. Nilidhani iko wazi.

Siku ya pili, nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya principal, nikapiga simu.

"Mama, Mgeni anaendeleaje?"

"Sasa yuko salama."

Hiyo "sasa" iliniinua kwenye benchi.

"Kwani alikuwa na nini?"

"Si umeandika mwenyewe asitiwe chumvi? Nikaonja yale maji. Woi, Mwenda! Unamweka kiumbe kwa chumvi wiki sita na unajua vile inawafanya! Nimeyatoa yote asubuhi, nikamwekea ya mvua, safi kabisa. Na sijayapoteza, nimewamwagia wale konokono wa kando ya sukuma. Huyu wako ametulia sana."

Ametulia.

"Mama, huyo ni wa baharini. Bila chumvi anakufa."

Akauliza polepole: "Kwa hivyo hajalala?"

Hapo hapo nikaitwa ndani. Swali la kwanza, nguvu yangu kubwa ni gani. Nikasema napanga mambo mapema.

Nilipofika nyumbani, tangi lilikuwa limefunikwa kwa leso. Mama hakuniangalia.

"Nilimhurumia tu," akasema.

Wakuu, nilikuwa nimefanya mazoezi ya hasira njia nzima kutoka Siakago. Ikaniishia mlangoni.

Nilichojifunza: ukimwachia mtu maelekezo, mwachie na sababu. Mimi niliwaza kila kitu kinachoweza kumuua Mgeni, isipokuwa huruma.

Lakini kisa hakijaisha hapo. Tangu siku hiyo Mama hajagusa chumvi shambani. Kila asubuhi anawaokota konokono mmoja mmoja, anawaweka kwa sufuria kuukuu, anawavusha ua na kuwaachilia upande wa pili.

Upande wa pili ni kwa jirani yetu, Mama Kendi. Jana amekuja na jani la kabichi lililotoboka kama chujio, akaniuliza mimi, kama msomi wa wanyama, hawa konokono wametoka wapi.

Mama alikuwa nyuma yake, ameshika sufuria.

Nikasema nitafanya utafiti. Sasa nipeni mawazo wakuu, kwa sababu ameahidi kurudi Jumamosi kusikia matokeo.