Kamera Mpya Kwenye Ukungu wa Ngorongoro

Cheka ukitaka, lakini nisikilize kwanza. Haya hayakumpata rafiki wa rafiki yangu. Yalinipata mimi mwenyewe, asubuhi kweupe, nikiwa sijaonja kitu zaidi ya chai.

Mimi ni mpiga picha wa harusi na vipaimara hapa Karatu. Unajua kwa nini niliipenda kazi hii? Mama yangu alifariki nikiwa sijaota meno, na hakuacha hata picha moja. Nimelelewa na mdogo wake huko Mbulumbulu. Sura ya mama siijui, na hilo limeniuma maisha yangu yote.

Kwa miaka mingi nilitumia kamera ile ndogo ya wanaoanza. Ilikuwa imechakaa, lakini vidole vyangu viliijua. Nilipiga huku nikimtania bibi harusi ana kwa ana. Kisha nikanunua kubwa, nzito, yenye vitufe kila mahali, inayoona hata gizani. Wanasema chema chajiuza, lakini wateja wa siku hizi hutazama kwanza ukubwa wa lenzi.

Rafiki yangu, dereva wa watalii, siku moja hakuwa na wageni. Akanipeleka Ngorongoro nikaijaribu. Kule juu ukingoni ukungu ulikuwa umefunga. Chini hakuna kreta, juu hakuna mbingu. Injini ilipozimwa, nilijisikia kama nimeingia kwenye usingizi wa mtu mwingine. Dereva akabaki garini akimimina chai, mimi nikasogea mbele kidogo.

Ndipo nikamwona mwanamke. Amesimama, amejifunga blanketi la kahawia, mguu mmoja ameuweka juu ya mwingine, kama watu wanaosubiri nje ya kanisa. Uso ulimezwa na ukungu, ila kwa umbo na sauti alikuwa mdogo kwa umri kuliko mimi, niamini. Sikuogopa hata kidogo. Nilijisikia vizuri, nikatamani asiondoke. Nikanyanyua kamera.

Lenzi ikaanza kutafuta, mbele, nyuma, haishiki. Nikabonyeza kitufe, menyu ikafunguka. Nikabonyeza kingine, mambo yakaharibika zaidi. Akaniita kwa jina la utotoni, linalojulikana nyumbani tu. Unafikiri nilishtuka? Akili yote ilikuwa kwenye vitufe. Nikajisemea, huyu atakuwa mtu wa kwetu.

"Shusha hicho, nikuone," akasema taratibu.

"Subiri dada, moja tu."

Akasubiri. Akaniomba tena, sauti ikiwa imeenda mbali kidogo, nami nikamjibu vilevile. Hatimaye lenzi ikashika, nikapiga, nikainua uso nikitabasamu. Hapakuwa na mtu. Nyasi zilijaa umande, hazikukanyagwa.

Dereva akaniuliza nilikuwa naongea na nani. Ile picha ninayo. Ni ukungu na nyasi, safi kabisa, kila tone unaliona.

Jioni nilikwenda kumsimulia mama mdogo. Nilipofika kwenye ule mguu juu ya mguu, akaacha kuchambua maharage. Akaniuliza kama blanketi lilikuwa la kahawia, na mimi nilikuwa bado sijalitaja. Machozi yakamtiririka.

"Dada yangu hakuja kupigwa picha, baba," akasema. "Alikuja kuona umekuwaje."

Tangu hapo, asubuhi za ukungu nikipata gari napanda kule mikono mitupu. Nasimama mpaka jua linatoka. Hajarudi. Harusini watu hunishangaa, maana mtu akiniita tu, naishusha kamera kwanza, namwacha anitazame anavyotaka.

Kamera haina kosa, ni nzuri na inanilisha. Lakini wewe unayenisikiliza, mtu akikuita anataka kukuona, iwe kwenye ukungu au jikoni kwenu, weka chini ulichoshika. Mama yangu alikuja kutoka huko waliko wafu kuutazama uso wa mwanawe, akarudi ameona lenzi.